Kuongeza nguvu ya injini ya turbo ya mbio bila gari kuchemsha: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya tunaulizwa sana na watu wa Dar wanaojenga magari ya mbio za lami: Subaru zenye EJ20, Mark II na Chaser zenye 1JZ, Evo zenye 4G63. Mengi yanatufikia kwa mpangilio uleule. Gari limeongezwa busti (presha ya hewa inayosukumwa na turbo), limekimbia mizunguko michache, sindano ya joto imepanda, na sasa mwenye gari anatafuta rejeta kubwa. Tunaona mpangilio huo umegeuzwa miguu juu kichwa chini. Joto ndilo linaloamua utapata nguvu kiasi gani na utaitumia kwa mizunguko mingapi, ndiyo maana majibu yetu yote yanaanzia huko.

Gari langu halichemshi hata kwenye foleni ya Mwenge saa kumi na moja jioni. Mbona uwanjani linachemsha mzunguko wa tatu?

Kwenye foleni injini haitoi nguvu ya maana. Kinachokosekana pale ni upepo, na feni inautoa. Uwanjani upepo upo tele lakini kanyagio liko chini muda mwingi, na hapo hesabu inabadilika kabisa. Kwa makadirio, theluthi moja ya nishati ya petroli inakuwa nguvu, theluthi nyingine inatoka na moshi, na sehemu kubwa ya iliyobaki inaingia kwenye maji na oili. Injini inayotoa nguvu farasi 300 inazalisha kama kilowati 220 za kazi, na wakati huohuo maji na oili vinabeba kilowati 150 au zaidi za joto. Hizo ni kama pasi za umeme 150 zimewashwa kwa pamoja chini ya boneti.

Mzunguko wa kwanza unapita salama kwa sababu chuma, maji na oili vinakunywa joto kabla ya kujaa. Vikishajaa, kila kinachozalishwa lazima kitolewe papo hapo. Ndiyo maana gari lililofanya vizuri kwenye mzunguko mmoja wa kasi halijathibitisha chochote kuhusu upoozaji wake. Lipime kwa dakika kumi na tano mfululizo.

Nianze na busti au nianze na upoozaji?

Upoozaji, na hasa upoozaji wa hewa inayoingia kwenye injini. Hapa ndipo nguvu nyingi ya bure imelala, kwa hiyo tutakaa kidogo.

Turbo ikibana hewa, hewa inapata joto. Chukua mchana wa Februari hapa Dar, nyuzi 32. Ukiibana mara mbili, yaani busti ya bari 1, kompresa (upande wa turbo unaobana hewa) yenye ufanisi wa asilimia 70 inaitoa ikiwa na nyuzi karibu 128. Pandisha hadi bari 1.5 na inafika nyuzi 162, hiyo ni kama ufanisi umebaki palepale. Kwa turbo ndogo iliyosukumwa kupita uwezo wake, haubaki. Ukishuka hadi asilimia 60, hewa inatoka ikiwa na nyuzi zaidi ya 180. Geji ya busti inakuonyesha namba kubwa, lakini sehemu kubwa ya namba hiyo ni joto.

Sasa angalia upande wa intakula, yaani kipoza hewa kilichopo kati ya turbo na injini, busti ikiwa bari 1 ileile. Intakula inayoondoa asilimia 70 ya joto lililoongezwa inaishusha hewa kutoka nyuzi 128 hadi 61. Inayoondoa asilimia 85 inaishusha hadi 46. Tofauti hiyo ya nyuzi 15 inafanya hewa iwe nzito kwa karibu asilimia 5, bila kugusa busti hata kidogo. Zaidi ya hapo, hewa baridi inachelewesha kugonga kwa mafuta (kulipuka yenyewe bila mpangilio), kwa hiyo fundi anayetuni anaweza kuipa injini taimingi zaidi, yaani cheche ya plagi ije mapema zaidi. Hapo unapata nguvu mara mbili kwa badiliko moja, na joto la moshi linashuka.

Busti inakuja mwisho, baada ya hewa kupoa, moshi kutoka kwa urahisi na mafuta kutosha. Mtu akikuambia aanze na busti, muulize geji ya joto la hewa iko wapi kwenye gari lake.

Intakula ya juu ya Subaru inatosha?

Kwa barabarani na kwa mzunguko mmoja mmoja, ndiyo. Kwa mbio, hapana. Imekaa juu ya injini, inapashwa joto kutoka chini, na ikishapata moto inachukua muda kupoa. Ya mbele ni bora, ila usisahau kwamba inakaa mbele ya rejeta na kuimwagia hewa ya moto. Ukifunga intakula nene ya mbele bila kushughulikia njia ya hewa ya rejeta, umehamisha tatizo tu. Chagua intakula yenye uso mpana na wembamba wa wastani kuliko fupi nene, na usiache mabomba yake yapite karibu na manifodi ya moshi (bomba linalopokea moshi kutoka kwenye injini) bila kinga.

Fundi wangu amesema tutoe themostati ili maji yapite kwa kasi. Ni sahihi?

Tunajua ushauri huu umeenea Dar nzima, kuanzia Gerezani hadi Tabata, na tunaomba uache kuufuata.

Themostati ni vali inayofungua njia ya rejeta maji yakipata moto. Kwanza, injini nyingi za Kijapani zina njia ya pembeni inayorudisha maji kwenye injini bila kupita kwenye rejeta wakati injini ni baridi. Kwenye nyingi kati ya hizo, themostati ikifunguka ndiyo inayoziba njia hiyo. Ukiitoa, njia inabaki wazi muda wote, na sehemu ya maji ya moto inazunguka bila kupoozwa. Umetoa kifaa ili gari lipoe, na gari linachemsha zaidi kwa mwendo wa kasi.

Pili, kwenye injini ambazo themostati imekaa upande wa kutokea maji, inaweka kizuizi kidogo kinachoongeza presha ya maji ndani ya hedi (sehemu ya juu ya injini yenye vali). Presha hiyo inazuia maji yasichemke kwa vipovu kwenye ukuta wa chumba cha mwako, hasa karibu na vali za kutolea moshi. Vipovu vya mvuke havibebi joto. Sindano yako inaweza kusoma nyuzi 95 huku sehemu ya hedi ikiungua.

Weka themostati nzima, inayofunguka mapema kidogo, kwa mfano nyuzi 76 au 78 badala ya 82 hadi 88. Itakupa nafasi zaidi mwanzoni mwa mbio. Haitaokoa rejeta iliyozidiwa, kwa sababu themostati iliyofunguka yote haina tena la kuongeza.

Maji gani niweke?

Maji yaliyochujwa madini, yale ya betri yasiyo na asidi, pamoja na dawa ya kuzuia kutu. Hapa Dar hakuna barafu, kwa hiyo huna sababu ya kujaza nusu kwa nusu kulanti ya glikoli. Glikoli inabeba joto kidogo kuliko maji, na ikimwagika kwenye lami inateleza vibaya. Viwanja vingi vya mbio vinaikataza.

Maji ya kisima usiyaweke kabisa. Visima vingi vya ukanda wetu huu wa pwani vina chumvi, na chumvi inakula aluminiamu ya hedi na pampu. Ukifungua rejeta iliyonyweshwa maji hayo utaona gamba jeupe kwenye midomo ya mirija yake, na gamba hilo ni kizuizi kati ya maji na hewa. Fundi rejeta anaweza kuzibua, lakini vijia vyembamba ndani ya hedi hakuna anayevifikia kwa waya.

Mfuniko wa rejeta nao usiuone mdogo. Wenye bari 1.1 unapandisha kiwango cha maji kuchemka hadi nyuzi 121 hivi, na wa bari 1.3 hadi karibu 125. Raba yake ikichoka, umerudi nyuzi 100. Ubadilishe kila msimu, na kabla ya kupanda bari 1.3 hakikisha hosi na klipu zake ni mpya.

Nimefunga rejeta ya aluminiamu nene na bado linachemsha. Nifanye nini?

Tafuta hewa inapita wapi. Katika magari yanayoletwa kwetu na malalamiko haya, mara nyingi rejeta yenyewe haina kosa. Hewa haipiti ndani yake.

Hewa ni mvivu; ikipata pengo pembeni ya rejeta itapita huko. Kipimo chetu ni rahisi. Subiri giza liingie, zima taa za gereji, weka tochi kali ndani ya tundu la bampa na ufungue boneti. Kila mwanga unaoona ukitokea juu, chini na pembeni ya rejeta ni njia ambayo hewa inapita bila kufanya kazi. Ziba zote kwa bati la aluminiamu na raba ya milango, kuanzia tundu la bampa hadi ukingo wa rejeta, pande zote nne. Hakuna kitu cha bei ndogo kinachopoza gari la mbio kuliko hicho.

Halafu hewa iliyoingia lazima itoke. Tunaona magari mengi mjini yamenyanyuliwa boneti kwa nyuma, kwa spesa kwenye bawaba, mwenye gari akiamini anatoa joto. Gari likiwa kwenye kasi, hewa hujazana chini ya kioo cha mbele, pale inapolala mikono ya waipa, na presha ya hapo ni kubwa. Kwa hiyo pengo lile linaingiza hewa ndani badala ya kuitoa, na kuisukuma irudi nyuma dhidi ya rejeta. Sehemu nzuri ya kukata matundu ni theluthi ya mbele ya boneti, nyuma kidogo ya rejeta, ambapo hewa inayopita juu inavuta. Kama una shaka, bandika vipande vya uzi wa kushonea kwenye boneti kwa selotepu na upige video kutoka gari la pembeni uwanjani. Nyuzi zitakuonyesha hewa inakoelekea.

Unene nao una mipaka. Safu za nyuma za rejeta nene zinapokea hewa iliyokwishapata moto kwenye safu za mbele. Upana na urefu vinalipa zaidi. Na kabla ya kununua chochote osha mapezi ya rejeta na intakula kwa maji ya presha ndogo kutoka nyuma kwenda mbele. Mchanga, wadudu na mvuke wa oili vinaziba taratibu bila mtu kuona.

Ili injini iwe salama tumerudisha taimingi nyuma sana. Mbona manifodi inakuwa nyekundu?

Kwa sababu mafuta bado yanawaka wakati vali ya kutolea moshi inafunguka. Joto ambalo lingesukuma pistoni linaondoka na moshi, linaipiga tabini (upande wa turbo unaozungushwa na moshi), linaipasha manifodi na kila kitu chini ya boneti. Umepunguza hatari ya kugonga, sawa, lakini umepoteza nguvu na kuongeza joto mahali pengine.

Kugonga nako ni adui wa upoozaji. Ukuta wa chumba cha mwako unalindwa na utando mwembamba wa gesi iliyopoa kidogo. Mlipuko wa kugonga unaufuta utando huo, na joto linaingia moja kwa moja kwenye pistoni na hedi. Ndiyo maana injini inayogonga kidogo kidogo huanza kupandisha joto la maji hata kabla sikio halijasikia kitu.

Njia iliyopo katikati ni kutuni kwenye daino (mashine ya kupima nguvu ya injini), kwa mtu anayesikiliza kugonga kwa kifaa, mafuta yakiwa lambda 0.78 hadi 0.82 kwenye mzigo kamili. Lambda ni kipimo cha uwiano wa hewa na mafuta; chini ya 1 maana yake petroli imezidi. Petroli ya ziada inapooza moshi. Usiende chini sana ya hapo. Petroli ikizidi inaosha oili kwenye silinda na plagi zinaanza kukosa kuwasha. Kwa injini nyingi za petroli tunataka joto la moshi kabla ya tabini lisipite nyuzi 900 hadi 950.

Kuna mfano tunaoupenda. Kuanzia 2014 injini za Formula 1 ziliwekewa kikomo cha kilo 100 za mafuta kwa saa. Nguvu zaidi ikabidi itafutwe ndani ya mafuta yaleyale, na mwaka 2017 Mercedes ilitangaza kuwa injini yake imevuka ufanisi wa asilimia 50 kwenye daino. Kila asilimia iliyohama kutoka kwenye hasara kwenda kwenye kazi ilikuwa joto ambalo rejeta na moshi havikulazimika kulibeba. Sisi wa 1JZ na EJ20 hatutafika huko, lakini mwelekeo ni uleule.

Kupulizia maji na methanoli kunasaidia kweli?

Sana. Kilo moja ya petroli ikigeuka mvuke inachukua kama kilojuli 350, methanoli karibu 1,100, maji zaidi ya 2,200. Hilo joto linatoka kwenye hewa inayoingia na kwenye chumba cha mwako. Mchanganyiko wa nusu kwa nusu ndio wa kawaida. Sharti letu ni moja: kompyuta ya injini lazima iwe na sensa ya presha au mtiririko inayoshusha busti mara tu tenki likiisha au nozeli ikiziba. Bila ulinzi huo, usifunge. Methanoli ni sumu, hata kwa ngozi, na mwali wake hauonekani vizuri mchana. Vaa glavu na weka kizima moto karibu. Soma pia kanuni za mashindano yako, kwani baadhi ya madaraja hayaruhusu.

Turbo kubwa au ndogo?

Ile ambayo kwa busti unayoitaka inafanya kazi katikati ya eneo lake la ufanisi, siyo ukingoni. Turbo ndogo ya TD04 ya Forester ikilazimishwa bari 1.4 injini ikizunguka kwa kasi inageuka hita. Kwa wenye 1JZ ya zamani yenye turbo mbili: magurudumu ya tabini ni ya kauri, na yana tabia ya kupasuka busti ikipita karibu bari 1. Badilisha turbo kwanza.

Tatizo hili lina historia. Renault ilipoleta turbo ya kwanza kwenye Formula 1 huko Silverstone mwaka 1977, gari la RS01 lilifuka moshi mara nyingi kiasi cha kubatizwa birika la manjano. Mwaka 1979 waliacha turbo moja kubwa wakafunga mbili ndogo, na Jean-Pierre Jabouille akashinda Dijon mwaka huohuo. Ushindi ulikuja walipolinganisha turbo na injini.

Oili je?

Oili ni mfumo wa pili wa upoozaji, na kwa injini ya turbo wakati mwingine ndiyo inayozidiwa kabla ya maji. Nyuzi 100 hadi 120 ni nzuri. Ikikaa juu ya 130, utando kwenye beringi za konrodi unakuwa mwembamba na presha inashuka. Funga rejeta ya oili yenye themostati yake, mahali inapopata hewa yake yenyewe. Ukimaliza kukimbia zunguka mzunguko mmoja taratibu kabla ya kuzima, la sivyo oili iliyobaki kwenye turbo inaungua na kuwa masizi.

Geji zipi ni za lazima?

Joto la maji, joto na presha ya oili, joto la hewa baada ya intakula, lambda, joto la moshi. Sindano ya dashibodi usiitegemee. Nyingi zimetengenezwa zisitikisike katikati hata maji yakipanda nyuzi kadhaa, na zikianza kusogea umechelewa. Ongeza taa moja kubwa nyekundu inayowaka presha ya oili ikishuka, kwa sababu kwenye kona hakuna dereva anayesoma geji.

Sindano ikianza kupanda katikati ya mbio, nifanye nini?

Toka nyuma ya gari la mbele. Ukimfuata kwa karibu kwenye mnyoofu unapokea hewa iliyovurugika na yenye moto. Sogea nusu upana wa gari pembeni. Badilisha gia mapema, uache mizunguko elfu moja ya mwisho ya injini kwa dakika, na uachie kanyagio mapema kabla ya kufunga breki. Maji yakipita nyuzi 110 na hayashuki, ingia pembeni. Kuchonga hedi kunagharimu kuliko nafasi moja kwenye msimamo.

Maji yanasukumwa nje kwenye tenki lakini hakuna panapovuja.

Shuku gasketi ya silinda hedi. Presha kubwa ya mwako inainyanyua hedi kidogo kwenye mzigo kamili na gesi inaingia kwenye maji, halafu injini ikinguruma taratibu bila mzigo kila kitu kinaonekana kizima. Pima gesi ya moshi kwenye tenki kwa dawa ya kubadili rangi. Hakikisha kwanza kwamba mfumo umetolewa hewa vizuri. Subaru hasa inataka pua iinuliwe wakati wa kujaza maji.

Unyevu wa Dar unapunguza nguvu?

Kidogo. Kwa nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 80, karibu asilimia 3 ya hewa ni mvuke wa maji usio na oksijeni. Mvuke huohuo unapunguza tabia ya kugonga, kwa hiyo usiutafutie dawa. Joto la hewa ndilo lenye madhara zaidi.

Tumetuni Dar, tunapeleka gari kukimbia Nairobi au Kyalami. Tuguse nini?

Nairobi iko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na Kyalami, uwanja wa mbio wa Afrika Kusini, nayo iko juu, zaidi ya mita 1,500. Presha ya hewa ya Nairobi ni kama bari 0.83. Kompyuta iliyopangwa kufikia bari 2 kamili (presha ya hewa ya kawaida na busti kwa pamoja), ambazo Dar ni kubana hewa mara mbili, kule italazimisha turbo ibane mara 2.4. Turbo itazunguka kwa kasi zaidi, itatoa hewa ya moto zaidi, na inaweza kupita mwendo wake wa usalama huku geji ikionyesha namba uliyoizoea.

Rejeta nayo inapata hewa nyepesi inayobeba joto kidogo, na mfuniko wa bari 1.1 unashikilia maji hadi nyuzi 119 hivi badala ya 121. Kinachokusaidia ni ubaridi wa kule. Shusha lengo la busti kwa bari 0.2 hadi 0.3 kwa siku ya kwanza, kimbia mizunguko mitano, soma rekodi ya joto la hewa na la moshi, kisha rudisha kidogo kidogo. Likirudi Dar, pakia tena ramani ya Dar (mipangilio ya kompyuta ya injini) kabla ya kuwasha injini kwa mzigo.

Na tafadhali, kipimo cha ramani mpya kifanyike kwenye daino au uwanjani. Barabara ya Bagamoyo ina watoto wa shule na bodaboda.